Kifaa Kikavu

Baba Watoto,

Chai iko kwenye chupa. ~~Funguo za lori ziko msumarini.~~ Hapana, nimeondoka nazo.

Asubuhi nimekikuta kile kifaa chako cha mdomoni, cha kukusaidia kupumua usingizini, kikavu ndani ya kikopo chake. Hukukivaa tena, eti kinakuuma taya. Kukoroma tumeshazoea, mimi na majirani. Ninachoogopa ni pale unaponyamaza. Usiku wa kuamkia leo ulinyamaza mpaka nikakupiga mgongoni ndipo ukavuta pumzi. Halafu asubuhi ukasinzia hapa mezani, ukajimwagia chai ya moto mapajani, wala hukushtuka; hata sasa ninapoandika bado umelala. Wewe ndiye wa kushika usukani?

Mzigo utasubiri. Nenda kwa daktari wa meno akirekebishe hicho kifaa.

Ukikasirika, kasirika tu. Nataka jioni nimkute mtu wa kugombana naye.

Mama Watoto