Kombo Ameitaja Nguzo

Mdogo wangu Athumani,

Jana Ijumaa Kombo, aliyekuwa nyapara wenu kule machimboni Lupa, alisimama msikitini mbele ya watu. Nakuandikia kabla hasira yangu haijapoa. Sitaki ipoe.

Unajua napenda kueleza mambo tangu mwanzo, nivumilie. Dhahabu ya Lupa ilizaliwa ndani ya mawe meupe yaliyojipenyeza kama mishipa katika mwamba wa kale. Mvua za zama zikaumomonyoa mwamba, chembe zikashuka kwenye vijito, kisha nchi ikakauka. Ndiyo maana wachimbaji wa mwanzo, katika nyika ile kavu isiyo na maji ya kuoshea mchanga, waliupepeta kwa upepo kama Mama alivyopepeta mchele. Ulipokuja likizo ulinionyesha kwa ungo wake, ukanimwagia vumbi kanzu nzima. "Mwalimu mzima, leo umekuwa mchimbaji!" Ukacheka mpaka ukakohoa.

Dhahabu ya juu ilipokwisha, watu wakaufuata mshipa chini ya ardhi. Humo huachwa nguzo za mwamba wenyewe, zishike dari. Na nguzo nazo zina dhahabu. Ukaniambia, "Kaka, Kombo anazitazama zile nguzo kama paka anavyomtazama samaki."

Dari ilipokuangukia, nilikwenda. Hawakuweza kukutoa. Lakini ukingoni mwa kifusi kisiki cha nguzo kilikuwa wazi. Mwamba uliopondwa na uzito hupasuka ovyo. Ule ulikuwa na alama za sururu, mstari juu ya mstari. Kombo akatangulia kurudi Tanga, akaeneza kwamba wewe ndiwe uliyeikata, ukiiba mawe. Mama alikufa akinong'onwa mtaani kwake Makorora kuwa amezaa mwizi.

Sasa machimbo yamekufa, na Kombo anakwenda kuhiji. Kama ilivyo desturi, akapita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Kwangu Chumbageni alisema upesi, kama anayeuliza bei ya dagaa: "Mwalimu, kama nimewahi kukukosea, niwie radhi."

"Kwa lipi? Litaje."

"Ah, ya zamani hayo."

"Basi safari njema."

Akamtuma mkewe na halua; nikairudisha na sahani yake. Akamtuma imamu, nikampa kahawa na jibu lile lile. Safari ikakaribia, naye hathubutu kupanda meli na neno la mtu shingoni.

Jana, baada ya sala, akainuka. "Athumani hakuiba. Mimi ndiye niliyeamuru nguzo ikatwe, yeye akiwa ndani." Wazee waliomkwepa Mama njiani wakatazama mkeka. Nilifurahi, mdogo wangu. Sioni haya kusema.

Kisha akanigeukia akilia. "Sasa niwie radhi, Mwalimu."

Nikamjibu taratibu, kama ninavyomfundisha mtoto: "Nilikutaka ulitaje. Sikukuahidi kusamehe. Aliyefukiwa ni Athumani. Kamwombe yeye."

Imamu ananilaumu. Anilaumu tu.

Pumzika, Athumani, jina lako limesafika. Nami nakuahidi: Kombo akirudi na kilemba cha hija akabisha mlangoni, nitamkaribisha, nitampa kiti, nitamsikiliza mpaka mwisho, na sitamjibu kwa niaba yako. Siku mtakayokutana naye huko, usifanye haraka.

Kaka yako