Samli Niliyoipaka Kwenye Moldi

Kibaha, Jumapili mchana

Mayu, mama yangu mpendwa,

Sijui dada Nyamizi atakusomea barua hii saa ngapi, kwa hiyo mwangaluka kama ni asubuhi, na mwadila kama jua limeshageuka. Mgongo unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua uliyopewa hospitali pale Somanda umeitumia, au umewagawia majirani kama kawaida yako? Palizi ya pamba imefika wapi? Mimi mwili ni mzima, nakula vizuri. Moyo ndio hauko sawa, na ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Simu yako unaiweka sauti kubwa uwanja mzima usikie, na haya nisingeweza kuyasema shangazi akiwa anachambua mboga pembeni. Dada Nyamizi, wewe soma kama ilivyo, usiruke mahali.

Mayu, nina aibu. Uliponipigia ukaniuliza, "Ng'wanone, mwanangu, Shija amefanya nini huko hadi wakamfukuza?" nilikujibu kwamba sijui vizuri, ni mambo ya kazi. Nilikudanganya. Nilijua kuliko mtu yeyote kiwandani, kwa sababu kosa lililomfukuzisha Shija nililifanya mimi.

Ngoja nikueleze kazi yenyewe, maana siku zote nakwambia tu natengeneza bampa za mabasi, nawe unadhani nagonga mabati. Hapana. Bampa zetu zinatokana na dawa mbili za majimaji, kila moja kwenye pipa lake. Mashine inazisukuma kwa nguvu sana, zinakutana kwenye kichwa cha kuchanganyia na hapo hapo zinarushwa ndani ya moldi iliyofungwa. Moldi ni chuma kikubwa cha pande mbili, kimepashwa moto, kina umbo la bampa ndani yake. Zile dawa zikishakutana hazisubiri mtu. Zinaumuka kama unga wa maandazi, zinajaza kila kona, na kabla hujamaliza kufunga kamba za viatu ni kitu kigumu unachoweza kukibeba begani. Ukifungua moldi unatoa bampa, unakata mabaki kwa kisu, linakwenda kuoshwa kisha kupulizwa rangi. Mimi niko kwenye moldi. Shija alikuwa kwenye kuosha na rangi.

Sasa, zile dawa zinanata vibaya mno. Kabla ya kila bampa lazima upulize nta maalumu ndani ya moldi, la sivyo litang'ang'ania humo hadi ulichane. Nta hiyo ikiisha unajaza fomu stoo, wanakupa nyingine. Ndiyo kanuni, na niliisaini siku ya kwanza.

Siku hiyo nta iliniishia asubuhi. Mtunza stoo alikuwa amekwenda kwenye msiba Mlandizi na funguo zake. Msimamizi wetu alikuwa anapita kila dakika akisema mabasi yanasubiri bampa. Ningemwambia tu, "Nta imeisha, tusimame." Lakini nilikuwa na miezi michache tu kazini, na niliogopa kuonekana mzembe. Kwenye begi langu nilikuwa na ile chupa ya samli uliyonitumia kwa basi.

Unajua nyumbani kwetu samli haina mahali isipofika. Ngozi ikikauka, samli. Kamba ya ng'ombe ikikakamaa, samli. Mlango ukilia, wewe mwenyewe unasema, "Leteni samli." Basi nikachovya kitambaa, nikapaka ndani ya moldi, kwa wembamba, kama unavyopaka wewe kibuyu kipya. Bampa likatoka lenyewe, laini, likang'aa. Mayu, nilicheka peke yangu! Nikajiona fundi. Nikafanya hivyo siku nzima, na jioni msimamizi akanipiga begani akasema leo umetoa mzigo safi. Sikumwambia nimetumia nini. Hapo ndipo uongo ulipoanzia, kwenye kusifiwa.

Ile nta ya kiwandani ikioshwa kwa sabuni yao inatoka. Samli kwenye chuma cha moto inaingia ndani ya ngozi ya bampa, na huko haitoki. Kwa macho huwezi kuiona. Shija aliziosha bampa zote kama anavyoosha siku zote, akapiga msasa, akapuliza rangi, zikaondoka. Haikupita muda mrefu mabasi yakaanza kurudi. Rangi ina vishimo, sehemu nyingine inabanduka vipande vipande.

Meneja alitukusanya wote uwanjani. Akamsimamisha Shija mbele, akamwambia hakuosha bampa. Shija akasema, "Niliosha, mkuu. Zote." Akaulizwa tena, akajibu vilevile. Hakuna aliyemwamini, maana rangi isiposhika, wa kwanza kulaumiwa ni muoshaji. Kisha meneja akatugeukia akauliza kama kuna mwenye neno lolote. Mimi nilikuwa nimeshika kisu cha kukatia mabaki. Niliangalia buti zangu. Nilizikagua utadhani nataka kuzinunua. Walimfukuza pale pale.

Na huyu ndiye Shija aliyenitafutia kazi, aliyenipokea stendi na kunigawia nusu ya chumba chake. Alipofungasha nguo aliniachia jiko na godoro, akasema atapata mengine kwao Lamadi. Nilisema asante. Hata sasa nikilikumbuka neno hilo nasikia uso unawaka.

Nilijipa moyo kwamba yatapita. Ndipo ukapiga simu wewe. Ukanisimulia jinsi mama yake Shija alivyokuja na dagaa wake mnada wa Nkoma, wanawake wakanong'ona, nawe ukamwambia mbele ya wateja, "Mfundishe mwanao kazi. Wangu mbona yupo kazini?" Ulikuwa unacheka, mayu. Ukaongeza kwamba siku hizi haji tena mnadani, eti amenuna. Sikulaumu hata kidogo. Maneno hayo nilikutia mdomoni mimi. Lakini baada ya ile simu chakula kilinishinda. Kusingiziwa kwa Shija nilikuwa nimejifunza kuishi nako, nasema kweli, ila kumsikia mama yangu akijisifia mtu kama mimi sikuweza.

Kesho yake, muda wa chakula cha mchana, nilikwenda nyuma ya stoo nikampigia Shija. Nilianza kuzunguka zunguka, habari za huko, ziwa linasemaje. Akanikatisha. "Masanja, sema unachotaka kusema." Nikamwambia yote. Akasema:

"Nilijua siku ile ile. Nilipita karibu na moldi yako nikasikia harufu, nikadhani sabuni itaitoa. Huko Kibaha nani mwingine ana samli ya Usukumani?"

Nikamuuliza kwa nini basi hakunitaja. Mayu, jibu lake ndilo lililonimaliza.

"Nilidhani utasema mwenyewe. Meneja alipouliza nilikuwa nakuangalia wewe. Hata nilipotoka sikuondoka haraka. Nilikaa pale getini na begi langu hadi saa sita, nikasema labda bado anatafuta maneno, atakuja."

Mimi saa sita nilikuwa kantini nakula wali.

Sikurudi kwenye moldi. Nilikwenda moja kwa moja kwa meneja, nikamweleza. Mwanzoni hakuamini. Akaagiza chupa iletwe, tukapaka kwenye moldi, tukatoa kipande, kikaoshwa vizuri mbele yake na kupulizwa rangi. Asubuhi alikwaruza kwa ukucha, rangi ikatoka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Aliniuliza tu, "Mwenzako aliondoka hapa na wewe umesimama?" Nikasema ndiyo.

Meneja amemwandikia Shija barua arudi kazini. Mimi nimesimamishwa, na sijui kama watanirudisha. Hilo nimelipokea. Nilipompigia Shija kumwambia, hakushangilia. Alisema, "Kazi nitarudi. Ila mama yangu alitukanwa mnadani, siyo Kibaha. Barua ya meneja haifiki kule."

Ana haki. Najua utataka kupanda bodaboda kesho asubuhi uende Lamadi na kuku mkononi ukanisemee, maana ndivyo ulivyo. Nakuomba usiende. Umenisemea tangu nikiwa mdogo, kwa mwalimu, kwa baba, kwa jirani niliyemvunjia mtungi, na naona ndiyo sababu ulimi wangu ulikufa siku ile uwanjani. Shija amekubali kumleta mama yake mnadani Nkoma Jumamosi ijayo kabla hajapanda basi la kuja huku. Mimi nitafika Ijumaa.

Nisalimie shangazi, umwambie sasa anaweza kusikia yote. Nisalimie babu, na kaka mkubwa anayekaa Migato, nadhani atanicheka kwanza kisha atanigombeza. Wewe dada Nyamizi asante kwa kusoma. Kama umelia usimwambie mama ni moshi. Mama yake Shija simtumii salamu humu. Zake nitazibeba mimi.

Mayu, Jumamosi hiyo nitasimama mbele ya meza ya dagaa ya mama yake Shija, watu wakiwa wamejaa, niseme ni mimi. Wale wanawake watageuka wakuangalie wewe, na najua miguu yako itataka kuja kunikinga. Usije upande wangu. Siku hiyo simama naye yeye.

Mwanao aliyekuaibisha,

Masanja