Neno Alilolisema Shemeji

Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo,
Dar es Salaam,
9 Juni 1934

Kwa dada yangu Tatu binti Sadalla, Kisiju.

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute umekaa vizuri, na kile kifua kilichokusumbua masika kiwe kimetulia. Huku tu wazima. Mke wangu Sitara jana alisema nikuamkie sana, akauliza kama ule mkeka uliupata. Mimi bado nashona pale pale barazani, ila uzi siku hizi natungiwa.

Nimefurahi mno kusikia mkwe wako amejifungua salama, tena mtoto wa kiume. Lakini dada, umesema Mbaruk anataka mwanawe aitwe Mwinyimvua, jina la marehemu baba yake, na wewe umekataa kata kata. Umesema hutaki mjukuu wako abebe jina la mtu aliyekufa kwa ubishi wake. Jina mtalitangaza siku ya arobaini, na litakuwa lolote ila hilo. Maneno hayo yamenikosesha kula. Ndiyo sababu naandika.

Najua Mbaruk ndiye anayekusomea. Mbaruk, mwanangu, nakuomba usiruke hata mstari mmoja, hata ukifika mahali unapotaka kuichana karatasi. Msomee mama yako mpaka mwisho, kisha uichane.

Dada, unakumbuka mwaka ule wa 1925 mtaa wetu ulivyojiandaa kucheza kirumbizi na watu wa Ilala, Idi kubwa. Kila alasiri tulikuwa uani kwa mwalimu Hamud, tunapigana fimbo za mazoezi wawili wawili. Mwalimu alikuwa na sharti moja. Fimbo ya mwenzio ikikugusa, useme mwenyewe "Imefika," ushushe fimbo yako, naye ashushe yake. Haamui mtu mwingine. Asiyesema alihesabiwa mwongo. Na kumpiga aliyekwisha kusema, hilo mwalimu hakuliwekea hata adhabu, maana halikuwahi kutokea.

Shemeji Mwinyimvua alinigusa kila siku. Bega, kiuno, mgongo, mpaka majirani wakawa wanachungulia ukutani wapate kucheka. "We Mgeni, hiyo fimbo au mwiko? Nenda kamsaidie dada yako kusonga ugali!" Nilisema "Imefika" mara nyingi hata Sitara akawa ananitania kwa neno hilo ninapoingia ndani kula. Nilicheka nao. Moyoni sikucheka. Mwalimu alikuwa anataka kuchagua mmoja wetu afungue mchezo siku ya Idi, na kila mtu alishajua ni nani.

Alasiri ile aliyoumia, Idi haijafika, habari zilivyokufikia unazijua. Mwalimu aliitwa mlangoni, wengine walikuwa hawajaja, tukabaki wawili. Aliporudi alimkuta shemeji chini, damu inamtoka sikioni. Akaniuliza kama alisema. Nikamwambia hakusema. Nikamwambia nilimgusa, akanyamaza, akaendelea kucheza, ndipo fimbo ya pili ikamwingia kichwani. Habari ikatoka hivyo mtaani, na askari waliokuja kuuliza wakaiandika hivyo hivyo. Watu wakasema maskini, ubishi.

Tangu hapo neno lile haliniachi. Kariakoo hapa haipiti saa sijalisikia. Gari ya ndizi imefika. Meli imefika. Hata barua yako, aliyeileta alisimama barazani akasema, "Fundi Mgeni, barua yako imefika," mkasi ukaniponyoka ukakata suruali ya watu. Hao wanasema kwa sauti zao, nawaona. Lakini mara nyingine naisikia sauti yake, ina kicheko ndani, nageuka, na nyuma yangu ni ukuta. Sitara ameacha kuniuliza nageukia nini.

Sasa nasema. Dada, mumeo alisema. Siku ile nilimgusa begani, mara ya kwanza tangu tuanze mazoezi. Akasema "Imefika," akacheka, akasema tena, "Imefika, shemeji! Leo umeamka!" Alifurahi kwa ajili yangu. Akashusha fimbo mpaka chini. Mimi kile kicheko nikakisikia kama cha wale wa ukutani, nikampiga kichwani kwa nguvu zangu zote. Sikuteleza, wala sikukosea kusikia. Nilisikia mara mbili.

Na kuna hili. Siku ya pili alipopata fahamu ulimwinamia ukamuuliza kwa nini hukusema, mume wangu, neno moja tu. Mimi nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda. Alinitazama mimi, akakutazama wewe, akasema, "Nilisahau." Ukakasirika, ukatoka nje unalia. Kesho yake akafa. Neno la mwisho alilokwambia lilikuwa la kunificha mimi, na wewe miaka tisa unamlaumu kwa neno hilo. Sijui alinihurumia, au alitaka usikose mume na ndugu kwa mara moja. Sikumuuliza. Ulipotoka nilitoka na mimi. Niliogopa kubaki naye chumbani.

Mume wako hakuwa mbishi. Mpeni mtoto jina la babu yake. Mwalimu Hamud bado yu hai, amehamia Magogoni, kesho naenda kumwambia. Nikitoka kwake naenda kwa askari. Na Ijumaa, tukishaswali, nitawasimamisha watu wa mtaa niwaambie, maana uongo wangu ulizunguka kwao kwanza. Sitara nimemwambia leo asubuhi. Ameondoka hakuaga, yuko kwa mama yake.

Kisiju siji mpaka uniite. Usiponiita nitajua Mbaruk amekusomea yote.

Nisalimie mkwe wako na majirani wote wanaonijua. Mtoto simpelekei salamu sasa. Atakapokuwa na jina lake, na kama mtaniruhusu, nitampelekea.

Ni mimi ndugu yako wa tumbo moja,
Mgeni bin Sadalla