Wangui Wawili, Faili Moja

Kijiji cha Kwa Mutahi,
Mukurweini.
Jumapili, 3 Agosti 2025.

Mpendwa shemeji Ngendo,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba yule mama mzee unayemtunza huko Doha anakuachia hata saa chache za kulala. Tunasikia joto la huko limezidi. Huku sisi tunalia na baridi. Mlima haujaonekana kwa siku nyingi, na nguo zinakaa kwenye kamba mpaka zinaanza kunuka. Magoti yananiuma kidogo lakini natembea. Na mgongo wako je? Ulimwambia mkwe wetu Njoki kwamba unakusumbua ukimwinua mgonjwa, na tangu siku hiyo sijasikia tena.

Usishangae kuona mwandiko wangu. Kijana wangu Kinyua aliniambia niseme tu kwenye simu, akutumie sauti, lakini jambo hili nikilisema kwa mdomo nitashindwa katikati. Kalamu humsubiri mtu. Nikimaliza ataipiga picha barua hii, ukurasa kwa ukurasa, akutumie.

Kaburi la dada yako liko vizuri. Mwanangu Theuri alilizungushia seng'enge kwa sababu ya mbuzi wa jirani. Najua uliyaona mazishi kwa simu tu, na kwamba mtandao ulikatika wakati wa kushusha jeneza. Njoki anasema ulibaki ukiuliza kama tunakusikia, na hakuna aliyekujibu. Jambo hilo halijanitoka. Nikipita pale namsalimia kwa niaba yetu wawili.

Sasa nikuambie kilichonifanya nichukue kalamu. Ni juu ya mjukuu wetu, Wangui mdogo, na juu ya jina lake. Nina hofu, shemeji, na nina jambo la kukuuliza. Lakini kwanza nieleze lilivyoanza.

Wewe unajua jinsi majina yetu yanavyozunguka. Dada yako alipoolewa hapa akawa Anita Wangui Theuri, Theuri akiwa baba yangu. Mwana wetu wa kwanza tukamwita Theuri. Naye alipopata binti wa kwanza akamwita mama yake, Anita Wangui. Basi nyumba hii ikawa na Anita Wangui Theuri wawili, mkubwa na mdogo. Mmoja akiitwa, wote wanaitika. Mdogo akivunja kikombe, mkubwa ndiye tuliyemuuliza kwa nini jina lake lina mikono mibaya. Mimi humwita yule mdogo mke wangu, naye huniambia hawezi kuolewa na guka yake, babu asiye na meno.

Mimi si mtu wa kuchukia mashine. Maziwa nikipeleka asubuhi, kabla sijarudi nyumbani simu imeshaniambia ni kilo ngapi, na sijabishana na karani tangu walipoleta mtindo huo. Kinyua anakula kwa kompyuta huko mjini, anawajazia watu fomu za serikali. Nilikuwa nikisema haya mambo mapya ni mazuri mradi yasitusumbue.

Kliniki yetu ya hapa sokoni nayo iliacha kadi za karatasi mwaka jana, ikaleta kompyuta. Walituandikisha kwa jina na nambari ya simu. Dada yako hakupenda simu, kwa hiyo alitumia nambari yangu. Mtoto naye akaandikwa kwa nambari yangu, kwa kuwa ni mimi ninayempeleka, baba yake akiwa kwenye gari la maziwa na mama yake akiwa dukani Sagana. Dada yako alipotutoka mwezi wa Machi, nilikwenda pale kuwaarifu, ili wasiendelee kumwekea dawa za presha. Niliona ni adabu. Msichana wa mapokezi akabonyeza, akanipa pole, nikarudi nyumbani.

Mwezi uliopita mtoto akapata homa na koo likavimba. Nikamfunga shali, tukaenda. Msichana yule yule akamtafuta kwenye kompyuta, akakunja uso.

"Mzee, huyu ni marehemu."

"Nani?"

"Anita Wangui Theuri. Sistimu inasema alifariki Machi."

"Huyu hapa ana miaka saba," nikasema. "Anakutazama."

Mama mmoja nyuma yetu kwenye foleni akapaza sauti, "Shetani ashindwe! Msichana, unasemaje maneno kama hayo mbele ya mtoto?"

"Si mimi, mama. Ni kompyuta."

"Basi iambie inyamaze!"

Wangui akanivuta koti. "Guka," akaniuliza, "nilikufa lini?"

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka kidogo, kama mtu anavyocheka mbele ya wageni. Msichana akasema, "Ngoja nimfufue," akabonyeza tena, na faili ikafunguka. Tukaingia kwa daktari. Alikuwa kijana mpole, akamtazama koo vizuri, akaisoma kompyuta yake, akaandika, akatutuma tukangoje sindano.

Tumekaa kwenye benchi, nesi akatoka na trei yake akimwita bibi mzee, "Shosho Anita Wangui! Shosho yuko wapi?"

Wangui akainua mkono kama yuko darasani.

Nesi akacheka. Kisha akaitazama karatasi, na kicheko kikakatika. "Guka, ni huyu? Hapa wameandika miaka sitini na tatu." Akaniuliza kama kuna dawa inayomdhuru mtoto. Nikamwambia penisilini. Unakumbuka mwaka juzi ilivyomvimbisha midomo na macho mpaka tukadhani tunampoteza, na tukaonywa asipewe tena maisha yake yote. Jambo hilo lilikuwa kwenye kadi yake ya zamani kwa wino mwekundu, na wakalinakili kwenye kompyuta. Lakini kompyuta ilikuwa imewafanya Wangui wawili kuwa mtu mmoja. Faili ya mdogo ilimezwa na ya mkubwa, na dada yako hakudhuriwa na dawa yoyote.

Nesi akaitazama ile trei. "Ni hiyo hiyo," akasema polepole. Akairudisha ndani, na nikamwona kupitia mlango akiegemea ukuta.

Tulipewa dawa nyingine, tukarudi nyumbani kwa miguu. Mtoto alikuwa akiruka madimbwi mbele yangu.

Msimamizi wa kliniki aliomba radhi sana, sitamsema vibaya. Alisema wamewaandikia wenye programu huko Nairobi na kwamba faili zitatenganishwa. Baada ya siku chache akanipigia kuniambia yamekwisha. Wiki iliyofuata niko zizini, simu ikalia ujumbe. "Anita Wangui Theuri, usikose kliniki yako ya presha Jumatano. Tunakujali." Nikakaa juu ya ndoo. Hawakuwa wametenganisha kitu, walikuwa wamemwacha dada yako hai kwenye mashine yao. Nakuambia wewe peke yako, sikuufuta ujumbe ule. Na Jumatano ilipofika nilivaa koti, nikasimama mlangoni, kisha nikalivua.

Jioni hiyo Njoki alikuja kuketi nami jikoni, na Theuri akaja nyuma yake.

"Baba, sipati usingizi," Njoki akasema. "Nikifunga macho naiona ile sindano. Nataka mtoto abadilishwe jina. Aitwe Lynn."

"Lynn ni nani? Hatuna Lynn katika ukoo huu."

"Ndiyo maana nalitaka. Halina mtu aliyekufa ndani yake."

Nilikasirika, shemeji. Nilimwambia kwamba sisi hatuwapi watoto majina ya kuokota. Alianza kulia, na Theuri akamshika bega akamtoa nje. Nikabaki nikilitazama jiko, nikijua kwamba yeye ndiye aliyembeba mtoto tumboni.

Kinyua alinicheka alipokuja mwisho wa wiki. "Baba, databesi si mchawi," akasema. "Ni kabati tu. Ukiweka nguo za watu wawili kwenye droo moja, utalaumu kabati?"

Nikamwambia kabati halijawahi kumwambia mtoto kwamba amekufa.

Akanieleza kwamba kosa lao lilikuwa kumtafuta mtu kwa jina na simu badala ya nambari ya cheti cha kuzaliwa. Akasema nisijali, kwa maana huko mbele kila kitu kitaunganishwa, shule, hospitali, kitambulisho, vyote vitasomana. Alidhani ananituliza. Mimi nikawa najiuliza, kliniki ikisema mtoto amekufa, na shule nayo ikasomewa hivyo, na ofisi ya vitambulisho ikasomewa hivyo, nitasimama kwenye dirisha gani nikabishe?

Tangu hapo mtoto akipiga chafya, namsikia yule msichana akisema marehemu. Mimi ni mzee wa kanisa na sipaswi kuamini mikosi. Lakini nimezika mke mwaka huu, na masikio yangu hayajarudi mahali pake.

Na bado sikutaka jina liondoke. Unakumbuka dada yako alivyosimama mlangoni jua likizama, akiita, "Wangui, ingia ndani, baridi hiyo"? Nilikuwa nikimtania kwamba anajiita mwenyewe. Sasa ninayemwita mtoto ni mimi, na ndiyo mara pekee katika siku ninapolitamka jina la mke wangu kwa sauti, na mtu akaja.

Jana kikohozi kikamrudia. Theuri alikuwa safarini, Njoki dukani, na kliniki ya pili iko mbali kwa mtoto mwenye homa. Tukarudi pale pale. Foleni ilikuwa ndefu. Msichana alikuwa mwingine, mgeni.

"Jina la mgonjwa?"

Nikafungua mdomo kusema Anita, sauti ikakataa.

"Mzee, jina? Watu wanangoja."

"Ngendo," nikasema. "Ngendo Theuri."

Sikuwa nimepanga hivyo, shemeji. Lilitoka lenyewe. Akauliza simu, nikampa ya Njoki nikiisoma kwenye kikaratasi. Akauliza kama ni mgonjwa mpya, nikasema ni mpya. Faili ikafunguka tupu, haina mtu. Nikamwambia kabla hajaandika kitu kingine aandike penisilini, na sikuondoka dirishani mpaka akanigeuzia kioo nikajisomea. Baadaye nesi alipoita "Ngendo!" mtoto alinitazama. Nikamwitikia kwa kichwa, naye akaenda. Walimpa dawa ya kunywa, na leo amekula uji wote.

Njiani aliniuliza, "Guka, Ngendo si yule shosho wa Doha?"

"Ndiye."

"Yuko hai?"

"Yuko hai."

"Basi sawa," akasema, akaendelea na njia.

Njoki nilipomsimulia akasema, "Huyo nakubali, Baba," na akanipakulia chakula kwa mara ya kwanza tangu tulipogombana. Kinyua ndiye aliyeshika kichwa. "Umewaharibia rekodi! Jina la kliniki lazima lifanane na cheti cha kuzaliwa." Kwa hiyo Theuri atakwenda Nyeri Ijumaa, kwa wakili, kuapa na kuanza mambo ya kubadilisha cheti. Kwenye karatasi mtoto atakuwa Ngendo Theuri. Hapa nyumbani atabaki Wangui, na nitaendelea kumwita aingie ndani.

Lakini jina ni lako, na mimi nimelichukua bila kubisha hodi. Naomba ruhusa yako kabla ya Ijumaa. Kama moyo wako unakataa, sema bila kunificha. Sitakuwa na kinyongo, na mtoto ataitwa Lynn, na mimi nitajifunza kumpenda Lynn.

Ukikubali, nina ombi lingine, na usinicheke. Nenda ukapimwe presha wiki hii. Dada yako alianza hivyo hivyo, kuumwa na mgongo na kusema ni kazi. Usivuke barabara za huko ukiitazama simu. Ukipata likizo, lala. Na kila Jumapili nitumie neno moja tu, hata kama huna habari, nijue kwamba uko. Mtoto akiuliza tena nataka niwe na jibu lile lile, mwaka huu na miaka mingi ijayo.

Theuri anakusalimu, na Njoki, na Kinyua, ambaye anasema mtandao wa kijiji umeboreshwa na safari nyingine hautakatika. Nimemwambia hakutakuwa na safari nyingine ya namna hiyo. Msalimie huyo mama unayemtunza, mwambie huku kuna watu wanaomwombea kwa sababu yako. Mungu akae mlangoni pako unapolala, na akurudishe kwetu kwa miguu yako mwenyewe.

Ni mimi shemeji yako, ninayekupenda na kukungoja,

Muchiri.

Hayo maandishi ya penseli hapo chini si yangu. Ni mtoto, anajifunza kuandika jina lako.