Mwari Niliyembusu Houston

Somo yangu Zuhura,

Salamu nyingi kutoka huku Marekani, mji wa Katy, nyumbani kwa binti yangu Rehema, ambako nje joto kama kwetu na ndani, kwa baridi ya kiyoyozi, nalala na sweta.

Jana kanipeleka Houston kutazama mchezo wa kuigiza wa Kijapani. Alitoka mwanamke mmoja, somo! Hatua ndogondogo, macho chini, mkononi huoni ila ncha za vidole. Nikasema, huyu kafundwa akafundika. Miaka yote ya ukungwi wetu hatujatoa mwari kama huyu.

Tulipotoka tukamkuta mlangoni anaaga watu. Nikamkumbatia, nikambusu huku na huku. Rehema akanivuta buibui: "Mama, huyo mwanamme! Katika mchezo huu wanaume ndio wanaoigiza wanawake." Astaghfirullah! Poda yake nyeupe mpaka leo ipo begani kwangu.

Ili nifiche haya yangu, nikamuuliza kungwi wake nani. Rehema akatafsiri. Akainama kwa adabu, akajibu, "Baba yangu."

Na sisi tukianza kufunda, akina baba tunawafukuza nyumba nzima! Nimekukumbuka mno. Msalimie mumeo, na harusi ijayo mwache akae ndani, huenda ana la kuongeza.

Somo yako,
Mwanaidi