Ukivutwa kwa Kamba, Unarudi

3 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba, kabla hujanisalimu. Natumaini wewe na mkeo hamjambo, na Mama ameamka bila kulalamikia goti. Mimi mzima, isipokuwa kiuno, ambacho bado kinajifunza kulala kwenye kitanda chenye upana wa rafu ya vitabu.

Nakuandikia kwa sababu Mama alituapisha tusipigiane simu kuhusu hili gari. Alisema tukizungumza tunakatana maneno kama madalali, na kwamba karatasi ina adabu kuliko sisi. Haya, na tuwe na adabu.

Kwanza niuandike mkataba wetu, nisije nikaambiwa sikuuelewa. Nimestaafu ukutubi, nimemzika mume wangu, nimeuza nyumba iliyokuwa na vyumba vingi kuliko watu, nikanunua gari-nyumba kuukuu lenye kitanda, jiko na choo. Wewe, fundi magari, ulisema halitafika popote, na kwamba umekipaka rangi chumba cha nyuma kwa ajili yangu. Tukakubaliana mbele ya Mama: nitaishi barabarani, lakini siku gari litakapovutwa kwa kamba, nitaliuza na kuhamia chumba cha nyuma bila kelele. “Ukivutwa kwa kamba, unarudi.” Maneno yako hayo. Niliyakubali kwa sababu nakujua: ningekataa, ungelala mbele ya magurudumu.

Sasa swali. Taa zote za ndani zimezimika na pampu ya maji imenyamaza, lakini injini inawaka vizuri tu. Kitabu cha maelekezo nimekisoma jalada hadi jalada. Kimeandikwa na mtu anayewachukia wasomaji. Nifanyeje?

Usicheke. Nakusikia ukicheka.

Dada yako

*

11 Februari

Dada, shikamoo.

Huku salama. Goti la Mama linabishana naye, na kama kawaida Mama anashinda. Anauliza unaoga wapi, na kama mlango wako una komeo la ndani.

Sikucheka. Nilitabasamu, na mke wangu ni shahidi.

Hilo kontena lako lina betri mbili, moja ya injini na moja ya nyumba. Haziongeleshani, kama majirani waliogombea mpaka. Ya nyumba ikiishiwa nguvu, ya injini haina habari. Ila usiikimbilie betri. Chini ya kiti cha dereva kuna kisanduku cha fyuzi. Chomoa moja moja, uziinue kwenye mwanga. Ile iliyokatika uzi ndiyo mgonjwa wako. Weka nyingine ya namba ileile. Usiweke kubwa zaidi kwa kudhani kubwa ni bora. Fyuzi kubwa inauacha waya uungue kwa niaba yake.

Mengine ya kila siku: pima oili asubuhi kabla injini haijapata moto, gari likiwa mahali tambarare. Pima upepo wa matairi kabla ya safari, si baada ya pancha. Na kila unapoona bomba, jaza tangi la maji. Hujui bomba lijalo liko wapi.

Chumba kimekauka rangi. Dirisha linatazama karakana, kwa hiyo utaweza kunisimamia kutwa nzima, kazi unayoipenda.

Mdogo wako, Fundi

*

2 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa nyumbani. Mwambie Mama naoga ndani ya gari, kwa maji ya moto, na komeo ninalo, na nyundo ninayo kando ya komeo.

Fyuzi ilikuwa kama ulivyosema. Nilipoibadilisha taa zikawaka zote, nikapiga makofi peke yangu kama mwendawazimu. Tangu hapo nimepata kiburi. Dirisha la paani lilivuja mvua ilipopiga. Nikapanda ngazi, nikakwangua gundi ya zamani, nikapaka mpya. Nikasikia harufu ya gesi. Nikaupaka mpira wake maji ya sabuni, yakatoa mapovu pale kwenye maungio, nikakaza kibano, basi. Nimekuwa hatari.

Hapa nimeegesha kwenye uwanja wa nyasi nyuma ya kituo cha mafuta, chini ya mlima mrefu. Mlinzi wa uwanja alinizunguka mara mbili akitafuta kitu, halafu akauliza:

“Mama, na mzee yuko wapi?”

“Kaburini. Wako?”

“Sasa nani anaendesha hili lote?”

“Umeniona nikishuka upande gani?”

Akafikiri. “Upande wa usukani.”

“Basi umejijibu, kijana wangu.”

Tangu siku hiyo ananisalimu kwa kupiga saluti, sijui kwa heshima au kwa kejeli. Nazipokea zote.

Tatizo ni mlima. Kwenye tambarare gari linakwenda limetulia kama maji mtungini. Nikianza kupanda, mshale wa joto unapanda nami. Kabla ya nusu ya mlima umegusa nyekundu, na mimi nageuza kurudi uwanjani. Nimejaribu mara kadhaa. Maji ya rejeta yapo, feni inazunguka. Nini hiki?

Dada yako, mwenye kiburi

*

9 Machi

Dada, shikamoo.

Wote wazima. Nakwenda moja kwa moja.

Hiyo ni gasketi ya silinda hedi, ile inayotenganisha maji na oili ndani ya injini. Imeungua. Kwa gari la umri huo ni kufungua injini nzima, na ukishaifungua utakuta mengine. Usihangaike. Yupo mtu hapa anatafuta gari la kufanyia duka la kutembea, hana haja ya kupanda milima. Lirudishe polepole kwa njia ya tambarare, lije likiwa bado linatembea, tuliuze kwa heshima. Hutakuwa umevutwa. Utakuwa umerudi mwenyewe.

Mama amekishonea chumba mapazia.

Mdogo wako, Fundi

*

15 Machi

Mdogo wangu,

Hamjambo? Mimi sijambo, na nitabaki sijambo hata ukinipimia jeneza.

Nimechomoa kijiti cha oili. Oili ni nyeusi kama kawaida, haina utando wa maziwa. Moshi wa nyuma si mweupe. Nimefungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi, nikawasha, nikachungulia: hakuna mapovu. Kwa hiyo ile gasketi unayoizika iko hai. Haya yote ungeniuliza kabla ya kutoa hukumu. Mteja yeyote akija karakana kwako unamuuliza maswali mpaka anachoka. Mimi hukuniuliza hata moja. Unatibu gari, au unatibu hofu yako?

Nisikilize, maana hapa huwezi kunikatiza. Mwanamume akistaafu akanunua ng’ombe, watu husema amepata cha kumshughulisha. Akinunua mashine ya kusaga, husema ana maono. Mwanamke mjane akinunua gari, ukoo mzima unauliza nani atamtunza, kana kwamba mimi ni bakuli la udongo lililobaki baada ya harusi na sasa linatafutiwa kabati. Nimefanya kazi miaka yote ya ujana wangu nikiwaambia watu wanyamaze. Nimesoma safari za watu wengine mpaka kurasa zikachakaa mikononi mwangu, nikazirudisha rafuni, nikafunga mlango, nikaenda nyumbani. Sikuwahi kulalamika. Sasa nataka kuona kuna nini upande wa pili wa mlima mmoja. Mmoja tu! Na ndugu yangu wa damu, badala ya kunisaidia kuupanda, ananitafutia mnunuzi.

Nimebadilisha mwenyewe thamostati, ile inayofungulia maji ya kupoza injini. Mshale bado unapanda. Sijui ni nini. Lakini kutojua si sababu ya kuuza.

Mapazia ya Mama ni mazuri, bila shaka. Yatundike chumbani kwako.

Dada yako

*

20 Aprili

Dada, shikamoo.

Kimya chako kinanitisha kuliko maneno yako, na maneno yako unayajua. Redio inasema mvua upande huo ni kubwa. Mama anauliza kila jioni kama kuna barua, nami namwambia posta ni ya polepole.

Umekasirika au umekwama? Niandikie hata matusi.

Mdogo wako

*

2 Mei

Mdogo wangu,

Salamu. Natumaini mko wazima. Mimi mzima wa mwili.

Nimevutwa.

Mvua ilinyesha kwa nguvu. Uwanja wa nyasi ukalainika kama uji, na magurudumu ya nyuma yakazama mpaka kwenye ekseli. Nilichimba kwa sufuria. Nikaweka mbao, nikaweka zulia langu la chumbani. Ya nyuma yakachimba zaidi, ya mbele yakiwa yanacheka juu ya nyasi. Mwishowe mlinzi akamleta mwenye trekta, mzee mmoja asiyependa maneno. Akafunga kamba. Nikasema, “Hakuna njia nyingine?” Akasema, “Ipo. Subiri kiangazi.”

Walioona ni wawili tu, na hakuna hata mmoja anayekujua. Ningeweza kunyamaza. Nilinyamaza kwa muda, ndiyo maana hukupata barua. Kila nilipoanza kukuandikia kuhusu mambo mengine, kalamu ilinigomea. Maisha yangu yote nimewatoza watu faini kwa kuchelewesha kitabu. Siwezi kuanza kuiba uzeeni.

Kamba ni kamba. Matope yakikauka nitaanza safari ya kurudi, kwa njia ya tambarare. Mwambie yule wa duka la kutembea.

Usinipokee kwa utani. Siku ya kwanza usiniambie chochote. Siku ya pili unaweza.

Dada yako

*

6 Mei

Dada, shikamoo.

Barua hii nampa dereva wa basi la asubuhi aiache kituo cha mafuta, kwa sababu nataka ikukute kabla hujageuza hilo gari.

Nilipoisoma yako nilifurahi. Nakuambia ukweli wangu. Nilimsomea Mama kwa sauti, nikamaliza, nikasema, “Anarudi.” Mama akasema, “Kwa nini ya mbele hayakuzama?” Akaendelea kuchambua mboga.

Nilikosa usingizi kwa swali hilo, mimi fundi. Kwa nini nyuma tu? Injini iko mbele, na injini ndiyo mzigo. Asubuhi nikaenda karakana nikiwa nafikiri, nikajikwaa kwenye pipa la maji. Nyuma ya hilo kuna lingine. Ninayo manne, Dada, yamejaa hadi mdomoni, na bomba liko ukutani hapo hapo na halijawahi kukatika tangu nifungue karakana. Nikasimama nikayatazama. Unakumbuka tulivyolelewa. Mama alikuwa hawezi kuona ndoo tupu akapita. Tulitumwa kisimani hata mtungi ukipungua kikombe.

Sasa nijibu kama mteja. Tangi lako liko wapi? Nyuma, chini ya kitanda, sivyo? Limejaa? Najua limejaa, mimi ndiye niliyekuambia ujaze. Yale maji machafu ya kuogea, unayamwaga, au unayaweka mpaka tangi lake lijae kwa sababu yatafaa kupigia deki? Na madumu? Usinidanganye kwamba huna madumu. Mke wangu, ambaye kwao kulikuwa na mto, amecheka mpaka akakaa chini. Anasema hakuna watu wengine duniani wangepandisha kisima mlimani halafu wakalaumu gasketi.

Mwaga yote. Bakiza ya kunywa na ya kunawa uso. Halafu panda, gia ndogo, bila haraka, ukitazama mshale.

Na kuhusu kamba, nakupinga. Mkataba ulikuwa juu ya gari kuharibika. Gari lako halikuharibika, lilikwama. Trekta lenyewe hukwama. Kukwama si kuharibika! Ukitaka kubisha, bisha, lakini utabishana na mimi niliyetunga ule mkataba, na nakuambia sikumaanisha matope. Mama naye ameulizwa, maana ulifungwa mbele yake. Amesema mtu aliyezamishwa na ushauri wa mdogo wake hajashindwa, amesikiliza ndugu tu, na hilo ni kosa la kila mtu.

Nilitaka urudi. Bado nataka. Lakini sitaki urudi kwa sababu ya maji.

Mdogo wako, Fundi

*

14 Mei

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba, marahaba. Mpe Mama mkono wangu, na goti lake pole.

Madumu yalikuwa kumi. Chini ya kitanda, nyuma ya viatu, moja ndani ya choo. Nilipokuwa nayamwaga, mlinzi alikuja mbio akidhani gari linavuja. Nikamwambia hapana, linapungua mwili. Maji machafu nayo nikayateremsha kwenye shimo la maji taka la kituo. Gari likainuka nyuma. Nililiona kwa macho yangu likiinuka, kama mtu aliyetua mzigo kichwani.

Nilitaka kukubishia kuhusu kamba. Hoja yako ina matundu, na ningekuwa kijana ningeyaorodhesha. Lakini ni mara ya kwanza tangu uzaliwe unabishana ukiwa upande wangu, nikaona nikuache ushinde.

Nikapanda kwa gia ya pili. Pale nilipokuwa nageuzia, mshale ulikuwa katikati. Nikaendelea. Malori yalinipita yakipiga honi, nikayajibu. Karibu na kilele mshale ulisogea unene wa ukucha, nikapunguza mwendo, ukarudi mahali pake.

Naandika nikiwa juu, nimeegesha kando, jiwe nyuma ya kila gurudumu. Upande wa pili kuna mashamba ya chai, barabara nyembamba inayozunguka, na mji mdogo wenye mabati mekundu. Si ajabu sana. Ungesema ni mji tu. Nimeutazama mpaka chai yangu imepoa.

Kesho nateremka huko. Breki nimezipima, na nitatumia gia ndogo kama nilivyopanda, usinifundishe.

Kile chumba kipangishe. Tafuta mtu mtulivu, asiyefungua redio alfajiri, na umwachie mapazia.

Dada yako