Nguzo ya Tatu

Dada yangu mpendwa,

Mama angekuwa hai angenikaripia kwa kuingia kwenye habari bila salamu, kwa hiyo naanza na salamu. Hujambo wewe? Shemeji hajambo, na mgongo wake umeanza kutulia? Wapwa zangu, yule wa maswali na yule wa kununa, wanaendeleaje na shule? Mimi mwilini ni mzima. Nakula, na viatu vya kazi vimeacha kunichubua. Usingizi ndio umenipa kisogo.

Najua utashangaa kupata karatasi kutoka kwa mdogo wako ambaye hata ujumbe wa simu huujibu kwa neno moja. Ile sauti uliyonitumia Jumapili nimeisikiliza mara tano. Ulisema umesikia redioni habari za mhandisi kijana aliyefunga daraja kubwa kabla halijaua watu, ukawatangazia wakunga wenzako wodi nzima kwamba huyo ni mdogo wako, uliyemlea kwa mikono yako. Nilitaka kukupigia. Lakini kwenye simu ungenikatiza kwa pole na hongera, nami ningejificha humo humo. Hapa hakuna wa kunikatiza, basi nivumilie mpaka mwisho.

Tangu niripoti kazini sijawahi kukueleza vizuri jinsi mambo yalivyo. Nilipewa meza karibu na mlango, mguu wake mmoja umeinuliwa kwa kitabu kinene cha vipimo vya madaraja, nikajisemea angalau kuna mtu anakitumia. Siku ya kwanza mhandisi mkuu aliniita, akanionyesha sehemu ya saini kwenye fomu ya ukaguzi, akaniambia kwamba kuanzia leo watu watakuwa wanapita juu ya saini yangu bila hata kunijua. Nilicheka kwa adabu. Nikatoka nje haraka.

Aliyenifundisha kazi hasa ni fundi mmoja wa ukaguzi, karibu anastaafu, ambaye ofisi nzima inamwita Mzee Nyundo. Anagonga zege, anainamisha kichwa, anasikiliza. Likiwa zima hutoa mlio mkavu. Likiwa limeachana ndani hulia kama mlango wa kabati. Nilimfuata madaraja manne. Nilipokuwa naye niliweza, kwa sababu yeye ndiye aliyetangulia kwenye ngazi na alikuwa akipiga soga njia nzima.

Kitu ambacho sikukwambia, dada, ni kwamba naogopa sana kule chini. Chuoni daraja lilikuwa mchoro, unalitazama kwa ubavu, limetulia. Ukiwa chini yake halitulii. Lori likipita, daraja linapumua, vumbi linakuingia kwenye kola, na unahisi uzito wote ule unakutafuta wewe.

Mwezi uliopita Mzee Nyundo alikwenda kufanyiwa upasuaji wa jicho. Nikatumwa mimi na dereva tu kukagua daraja kubwa, hilo hilo unalovuka kwenda hospitali na kurudi. Jioni nikakabidhi fomu. Nguzo zote: hali nzuri. Mhandisi mkuu aliiweka kwenye faili, akanisifu kwa mwandiko.

Siku kumi na tisa baadaye Mzee Nyundo alirudi kazini, jicho bado limefunikwa. Kabla hata hajaketi aliniuliza nguzo ya tatu ikoje, ile iliyo karibu na ukingo wa upande wa hospitali, kwa sababu mwaka jana aliona maji yameanza kuchimba chini yake.

"Uliingiza mkono chini ya msingi?" akauliza.

"Niliingiza."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akasema vizuri, akaenda kutafuta chai. Mimi nilibaki pale mezani.

Kesho yake alfajiri niliomba gari, nikaenda peke yangu. Nilishuka ngazi ile ya chuma iliyopigiliwa kwenye ukuta wa daraja, macho nimeyafumba nusu, nahesabu vidato kwa sauti kama mtoto. Maji yalinifika magotini. Nilichukua nondo ndefu kuliko mimi nikaichomeka chini ya msingi wa nguzo ya tatu, nikitegemea igonge udongo mgumu. Haikugonga kitu. Iliingia mpaka mkono wangu ukaingia nao, mpaka bega. Nguzo ile, dada, nusu yake ilikuwa imesimama juu ya maji.

Redio zilisema mvua ya siku mbili kabla ya hapo ndiyo iliyochimba. Mhandisi mkuu naye aliamini hivyo. Alikuja mwenyewe, akaichomeka nondo, akaitoa, halafu akanishika bega mbele ya waandishi wa habari. Sasa hivi daraja limefungwa, magari yanazunguka njia ya mbali, na mimi ni shujaa wa mji.

Sasa nakwambia.

Ile fomu ya kwanza niliijaza ndani ya gari. Nilishuka vidato vinne tu, lori likapita, ngazi ikatetemeka, miguu ikanikatalia. Nikapanda juu. Dereva alikuwa amekwenda kununua maji ya kunywa. Nilifungua faili la mwaka jana, nikanakili namba moja baada ya nyingine bila kusoma maelezo ya pembeni, nikatia saini. Siku ishirini umepita juu ya uongo wangu, kwenda na kurudi.

Na hilo silo kubwa. Siku ile nilipotoa nondo nilipanda mpaka barabarani, upande wa hospitali, nimelowa mpaka kifuani. Nilijua. Nilichotakiwa kufanya ni kusimama katikati ya barabara na kuinua mikono. Lakini nikifunga daraja wataitafuta fomu, na fomu ina jina langu. Nikaketi kwenye ukingo wa barabara nikitafuta maneno ya kusema. Ndipo likaja basi la wafanyakazi wa hospitali, linawarudisha mliotoka zamu ya usiku. Lilipunguza mwendo kwenye matuta, likapita mbele yangu karibu kiasi cha kuligusa. Nilikuona. Ulikuwa dirishani, umelala, shavu kwenye kioo, na kofia yako ya kazi bado kichwani.

Sikuinua mkono.

Nililitazama likiingia darajani. Nilisimama mpaka tairi za nyuma zikatoka upande wa pili. Hapo tu ndipo nilipokimbia kulichukua gari la ofisi na kuliegesha kukinga barabara.

Juzi asubuhi nilikwenda kwa mhandisi mkuu nikamweleza habari ya fomu. Akaniuliza:

"Umekuja mwenyewe, au kuna mtu amekugundua?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Basi kaa uandike yote."

Nimeandika kurasa mbili. Kamati itakaa wiki ijayo, na huenda nikafukuzwa. Mpaka hapo kila siku nashuka pale na Mzee Nyundo kupima, maana watu hawatoshi. Amekwisha kuambiwa. Hanisemeshi, ila bado hutangulia kwenye ngazi. Nami bado naogopa vile vile.

Habari ya basi sikuiandika kwenye kurasa zile. Hiyo ni yako peke yako. Usinijibu upesi, na usinisamehe kwa mazoea ya kunisamehe.

Msalimie shemeji. Wapwa zangu wakiuliza habari za mjomba, waambie ukweli kadiri unavyoona wanaweza kuubeba. Nawe ukienda kazini, njia ya kuzunguka ni salama. Madaraja yake mawili madogo niliyakagua jana, chini yake kabisa, kwa mikono yangu.

Ni mimi,
mdogo wako